Mara Saba Bila Kuulizwa

Kabla ya siku niliyojaribu kufa, nilikuwa nimeenda dispensari mara saba. Ninaanzia hapo kwa makusudi. Watu wakisikia habari kama yangu hutikisa kichwa na kusema, "Jamani, si angetafuta msaada?" Nilitafuta. Nilitafuta mpaka mlinzi wa lango akanijua kwa jina.

Naandika haya kwa ajili yako wewe ambaye umeenda mara ya tatu au ya sita, na bado unapewa dawa ya kichwa. Naandika pia kwa ajili ya mtu anayeishi nawe nyumba moja na hajui akuulize nini. Wengine mkisoma ni sawa, lakini sikuandika ili mnionee huruma.

Jina langu ni Wanja. Nilizaliwa Gachoka, kule Mbeere, nikaolewa Meru, na tunaishi Kaaga. Mume wangu, Mwenda, ni mpishi katika shule ya bweni. Mimi ni fundi wa kushona yunifomu, na Kaaga, mtaa uliojaa shule, hiyo ni kazi isiyokosa watu. Tuna binti mmoja, Kendi. Wakati huo alikuwa kidato cha pili, akisoma na kulala shuleni.

Watu hupenda kujua sababu. Wanakukalia karibu, wanashusha sauti, wanauliza, "Lakini nini hasa kilitokea?" Hakuna kilichotokea. Mwenda hakunipiga. Sikufiwa. Sikuachwa. Ilianza Januari, msimu wangu wa kazi, wazazi wamejaa mlangoni na watoto wanapimwa mabega. Kichwa kikaanza kuuma upande mmoja. Kifua kikawa kizito kana kwamba nimebebeshwa gunia la viazi na hakuna wa kunitua. Chakula kikawa kama karatasi mdomoni. Siku moja nilikata kola ya shati nikaikosea, nikakata nyingine nikaikosea vilevile, nikakaa na mkasi mkononi nikiitazama kama kitu cha kigeni. Kola! Kazi ambayo naweza kuifanya nikiwa nimefumba macho.

Kwa hiyo nilienda dispensari. Jina lake nitaliacha, kwa sababu najua kuna nyingi kama hiyo. Mara ya kwanza walinipima malaria. Mara ya pili, taifodi. Halafu presha, halafu vidonda vya tumbo. Mara ya tano niliambiwa ninywe maji mengi na nipunguze chai. Mara ya sita niliandikiwa miwani. Kila mara niliketi kwenye lile benchi la mbao nikijiambia, leo nitasema. Nitasema kwamba nikivuka barabara sitazami kulia wala kushoto. Nitasema kwamba nimeanza kuwapangia watu wangu maisha ambayo mimi simo.

Mara ya saba ilikuwa mwisho wa Aprili, mvua inanyesha, siku tatu kabla ya siku yenyewe. Daktari alikuwa kijana mpole. Aliandika, akanirudishia kitabu changu, akasema, "Kuna kitu kingine, mama?" Lakini mkono wake ulikuwa tayari unapokea kitabu cha mgonjwa aliyekuwa nyuma yangu.

"Hakuna," nikasema.

Simlaumu peke yake. Laini ilikuwa imefika langoni. Lakini nasema wazi: nilikuwa mbele ya mtu wa afya, macho kwa macho, siku tatu kabla, na hakuna aliyeniuliza swali lililonipeleka pale.

Sitasema nilifanya nini. Hiyo habari haimsaidii mtu. Nitasema nani alinikuta.

Halima ana duka la vitambaa mjini Meru. Baba yake alikuja kufanya biashara huku kabla yeye hajazaliwa, na Kimeru anakiongea vizuri kuliko mimi niliyeolewa na Mmeru. Hatukuwa marafiki. Alikuwa mtu wa kuniuzia kitambaa cha kijani cha sketi na kunipunja urefu kidogo nikimwacha. Siku ile, saa tano asubuhi, aliniletea mzigo mwenyewe kwa sababu msaidizi wake wa dukani alikuwa mgonjwa. Alibisha. Aliona viatu vyangu mlangoni. Mtu mwingine angeweka mzigo barazani aende zake. Halima alisukuma mlango.

Nilizinduka hospitali kubwa ya mjini, na kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa shukrani. Nilikasirika. Nasema hivyo kwa sababu kama wewe pia ulikasirika ulipozinduka, wewe si mtu mbaya. Ni ugonjwa unaoongea, na una mdomo mrefu.

Siku ya pili polisi alikuja wodini na daftari. Wakati huo sheria yetu bado ilihesabu nilichofanya kuwa kosa. Mimi sikujua. Nilidhani amekuja kutafuta mtu aliyeniumiza.

"Wewe ndiye Wanja? Nimekuja kuandika taarifa."

Nesi mmoja, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, akaja akasimama kati yake na kitanda. Huyo ndiye Sista Gatwiri, nesi wa wagonjwa wa akili.

"Taarifa ya nini?"

"Ya huyu. Ni kosa, sista. Sheria unaijua."

"Naijua. Lakini hapa wodini sina mshtakiwa. Nina mgonjwa, na mgonjwa wangu hajaweza hata kunywa uji. Rudi kituoni umwambie mkubwa wako kwamba Gatwiri amekataa."

"Sista, mimi nimetumwa tu."

"Hata mimi nimetumwa. Nimetumwa kwa huyu."

Yule polisi alitazama viatu vyake, akafunga daftari, akaondoka. Baadaye Mwenda aliitwa kituoni mara mbili, kisha habari ikafa kimyakimya. Lakini zile dakika mbili za Gatwiri kusimama pale sijazisahau. Nilikuwa nimelala kama kitu kilichotupwa, na mtu mzima na akili zake alikuwa amesema mbele ya serikali kwamba mimi ni wake.

Kisha akavuta kiti cha plastiki, akaketi mpaka macho yake yakawa sawa na yangu.

"Wanja, nataka kukuuliza jambo, na jibu lako halitanishtua. Bado unafikiria kufa?"

Mimi niliyekuwa nimerudi nyumbani mara saba bila kusema, nikasema, "Ndiyo."

"Kila siku?"

"Kila saa."

"Sawa. Asante kwa kuniambia. Sasa tunajua tunapigana na nini."

Hakuanza kuomba. Hakuita watu waje kunitazama. Aliendelea kuketi. Kuna watu wanaogopa kwamba ukimuuliza mtu swali hilo utamtia wazo kichwani. Wazo lilikuwa limekaa humo tangu Februari, tena limejipikia na kula. Alichofanya Gatwiri ni kuhakikisha siko nalo peke yangu.

Nililazwa siku tisa. Mwenda alikuja kila jioni akinuka moshi wa jiko la shule, na uji ndani ya thamosi. Aliketi, akashika ncha ya blanketi, akaondoka. Kwa majirani alisema nina nimonia. Kwa Kendi alisema hivyo hivyo. Sikumkatalia. Mimi mwenyewe nilikuwa nataka iwe nimonia.

Siku ya kutoka, Gatwiri alituketisha wote wawili. Alimwambia Mwenda mbele yangu ni vitu gani viondolewe nyumbani siku hiyo hiyo, kabla hata sijavua viatu. Akaniandikisha kwenye kitabu changu cha kliniki, kwa mkono wangu mwenyewe: dalili zangu zikianza zinakuaje, nitampigia nani kwanza, asiposhika nitampigia nani. Halafu akasema neno ambalo nataka ulishike:

"Hizi wiki za kwanza baada ya kutoka ndizo mbaya. Watu hudhani hatari imebaki wodini. Haibaki. Inapanda gari na wewe. Nitakupigia kila Jumanne."

Nilidhani anazidisha. Nilikuwa nimetolewa hospitali. Kwangu hiyo ilimaanisha nimepona.

Baada ya wiki moja kaka yangu mkubwa, Njeru, alikuja kunichukua. Njeru ni mzee wa kanisa na ana duka pale Gachoka. Ananipenda, hilo sijawahi kulitilia shaka, na ndilo linalofanya mambo haya yawe magumu. Alisema nikapumzike kwa mama. Mwenda alikubali, kwa sababu anaingia jikoni kabla ya jua na hakutaka nibaki peke yangu nyumbani.

Tulipofika, Njeru aliweka mkono mbele yangu. "Nipe hizo dawa. Zinafunga akili. Tutaomba, na Mungu atafungua." Kisha akaongeza, "Na simu. Simu inakuletea mawazo."

Nilimpa. Ungekuwa wewe ungempa pia. Sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu aliyefunga chakula siku tatu kwa ajili yangu.

Wageni wakija niliambiwa niingie chumba cha nyuma. Nilisikia vikombe, nikasikia mtu akiniulizia, nikasikia Njeru akijibu, "Yuko Meru, anaendelea vizuri." Nilikuwa nyuma ya ukuta. Kwa siku chache nilijisikia mwepesi bila dawa, nikadhani labda Njeru yuko sawa. Wiki ya pili ule uzito ukarudi. Wiki ya tatu nilianza tena kuwapangia watu maisha ambayo mimi simo.

Ilikuwa Juni, wakati wa kuvuna ndengu. Mama alikuwa ametandaza turubai uani, anapiga maganda kwa fimbo, nami nachambua. Mama yangu si mtu wa maneno. Alipiga, akapiga, kisha akaacha. Akaniambia kwa Kimbeere, bila kunitazama, "Mwana wakwa, bado unafikiria lile jambo?"

Mama, ambaye hajawahi kukanyaga darasa. Nilimwambia ndiyo.

Aliketi pale kwenye turubai. "Unamkumbuka Marigu?"

Marigu alikuwa dada yake mdogo. Nilikuwa mtoto alipokufa, na siku zote tuliambiwa ni tumbo.

"Haikuwa tumbo," mama akasema. "Tulimweka chumba cha nyuma, kama wewe. Watu wakimuulizia tunasema ameenda Mwea. Mimi nilikuwa najua. Nilikuwa namwona. Nilinyamaza kwa sababu kaka zetu walisema tunyamaze." Akainuka, akakung'uta ndengu kwenye leso yake. "Vaa viatu."

Tulitembea mpaka dukani kwa Njeru. Kulikuwa na wateja watatu wananunua misumari na sukari.

"Nipe simu ya Wanja," mama akasema. "Na dawa zake."

"Mama, nenda nyumbani, nitakuja tuongee."

"Tunaongea hapa. Nyumbani ndiko tulikomuulia Marigu."

Mteja wa misumari akaacha kuihesabu. Njeru ni mtu mzima, ana wajukuu, lakini alitazama chini kama mwanafunzi. "Mama, watu wanasikia."

"Wasikie. Nilinyamaza kwa dada yangu. Kwa mtoto wangu sinyamazi. Toa simu."

Aliitoa kwenye droo. Ilikuwa imezimwa. Tulipoiwasha pale nje, ikaanza kutetemeka mkononi mwangu na haikuacha: Gatwiri alikuwa amepiga kila Jumanne, na katikati ya wiki pia, na kuacha ujumbe. Wa mwisho ulisema, "Sijakuchoka."

Nilimpigia. Hakuuliza kwa nini nimeacha dawa. Aliuliza niko wapi, niko na nani, na leo ikoje. Nikampa mama simu, wakaongea, Gatwiri kwa Kimeru na mama kwa Kimbeere, wakaelewana. Kisha akaniambia, "Usirudi Meru sasa hivi, Embu ni karibu na ulipo. Kesho ni Alhamisi, wana kliniki. Dawa usianze mwenyewe, wakuone kwanza. Leo mama yako alale chumba kimoja na wewe. Nitawapigia wajue unakuja."

Mama aliburuta kitanda chake mwenyewe.

Ile kliniki ya upande wa Embu iko nyuma, ukipita jiko la hospitali na kamba za kuanikia mashuka. Benchi ziko nje, chini ya bati. Watu huketi wameinamisha vichwa, wanawake wamejifunika leso, wanaume wamevuta kofia, kila mtu akiomba asipite mtu wa kwao. Karani mmoja alisimama mlangoni, akaita kwa sauti ya sokoni: "Wale wa akili, upande huu!"

Sijui niliitoa wapi nguvu. Labda ni ule mwendo wa mama mpaka dukani uliokuwa bado miguuni mwangu. Nilisema, "Tuna majina. Yameandikwa juu ya vitabu. Soma."

Karani alinitazama. Mzee mmoja kwenye benchi akacheka, kicheko kizuri cha kifua. "Aisee, hata mimi nimesahau kwamba nina jina," akasema, akanisogezea nafasi na kunigawia nusu ya ndizi yake. Alikuwa Mzee Nyaga, dereva mstaafu wa lori, kutoka upande wa Siakago. Karani akasoma majina. Tangu siku hiyo alisoma majina.

Sasa niseme kuhusu mwili, kwa sababu hakuna aliyeniambia. Dawa hazikunipa furaha. Wiki za kwanza zilinipa mdomo mkavu, usingizi mzito wa mchana na njaa isiyo na adabu. Nilinenepa. Nilifumua mishono ya nguo zangu zote nikaipanua, kisha nikafumua tena. Watu wa Gachoka wakasema, "Umependeza, hewa ya huku imekukubali," nami nikacheka, kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Lakini mikono ilianza kutetemeka. Kidogo tu, kama majani, lakini mimi ni fundi. Nilijaribu kutunga uzi kwenye sindano ya mama nikashindwa, nikajaribu tena nikashindwa. Nikawaza kuacha dawa kimya kimya. Wengi huachia hapo, na najua wengine hawakurudi.

Mwezi wa saba, kwenye baridi ile inayokuja na mawingu hata Embu mjini, niliingia kwa daktari, nikanyoosha mikono yangu juu ya meza yake.

"Daktari, hii ndiyo kazi yangu. Mikono hii ikienda, mtakuwa hamjanitibu, mtakuwa mmenihifadhi tu. Kama kuna njia nyingine, nataka. Kama hakuna, niambie ukweli."

Alikuwa mwanamke wa makamo, amechoka. Aliacha kuandika. "Wagonjwa wengi wanaacha tu dawa na hawaniambii," akasema. "Asante kwa kuja kugombana." Akanibadilishia, polepole, hii ikipungua huku ile ikiongezeka, na akanitaka nirudi kila wiki mbili badala ya kila mwezi mpaka nitulie. Mtetemeko ulichukua muda kuisha. Lakini uliisha.

Agosti shule zilifungwa, Kendi akaja Gachoka. Alishuka na begi lake, hakunikumbatia. Alikuwa amesikia shuleni. Msichana mmoja wa Kaaga alimwambia mbele ya wenzake bwenini.

"Mlinidanganya," alisema. "Nimonia! Niliombea mapafu yako, mama. Niliwaambia wenzangu wa maombi waombee mapafu."

Sikujua nicheke au nilie. Niliketi naye kwenye jiwe pembeni mwa tangi la maji.

"Ni mimi?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ya mtoto mdogo. "Ni kwa sababu nilisema sitaki kusoma hesabu? Tuligombana ile wikendi kabla sijarudi shule."

Hapo ndipo nilipoelewa nimonia ilikuwa imemfanyia nini mtoto wangu. Tulipomficha ukweli, alibaki gizani, akajitafutia ukweli wake mwenyewe, na alioupata ulikuwa mbaya kuliko wetu.

"Si wewe," nikamwambia. "Sikiliza vizuri. Si wewe, si baba, si hesabu. Ni ugonjwa. Unaitwa sonona, nina dawa yake, na nina watu. Ukitaka kuniuliza chochote, uliza. Hata lile swali lenyewe."

Alichora kwa kidole juu ya jiwe. Kisha akauliza. Lile swali lenyewe. Nami nikamjibu, "Leo hapana. Likija, nitasema." Ndivyo tunavyoishi mpaka leo. Anauliza kama watu wanavyouliza kama umekula.

Nilirudi Kaaga Septemba. Mwenda alikuja kunipokea stendi akiwa bado amevaa aproni. Nilimwambia hapo hapo, kabla ya mizigo, "Baba Kendi, mimi nimonia sirudi nayo."

"Watu watasema nini?"

"Wanasema tayari. Sasa watasema kitu cha kweli."

Alitembea hatua kadhaa. "Niliogopa watasema ni mimi," akasema. "Kwamba nilikufanya kitu." Sikuwa nimewahi kufikiria hilo. Miezi mitano mtu huyu alikuwa amepika kwa ajili ya shule nzima huku amebeba hofu hiyo, na hakuna aliyemuuliza hata yeye hali yake.

Mkutano wa kwanza wa chama chetu cha akina mama, mmoja akaniuliza kwa ile sauti ya sukari, "Kifua kimepona?" Nikasema, "Haikuwa kifua. Nilijaribu kujiua. Natibiwa." Vijiko vilisimama. Mama mmoja alitoa kazi yake kwangu wiki iliyofuata. Alisema anaogopa kuniacha na mkasi na watoto wake. Nilimrudishia kitambaa chake kimekunjwa vizuri. Wengine walikuja zaidi ya zamani, na wawili walikuja bila kitambaa.

Halima alikuja na kitambaa, na safari hii alipima urefu kamili na kuongeza. "Usizoee," akasema.

Kliniki ya Embu sikuiacha mwaka ule, maana daktari alikuwa amenijua, na kila mwezi Mzee Nyaga alinihifadhia nafasi. Alikuwa mgonjwa wa siku nyingi. Alikuwa na hadithi za Moyale na lori lililozimika jangwani, na ndizi kila mara. Mwezi wa kumi dawa yake haikuwepo. Walimwambia arudi mwezi ujao, au ajinunulie. Alisema, "Haya," akapiga kofia yake kwenye goti, akaenda.

Mwezi wa kumi na moja nafasi karibu nami ilikuwa tupu.

"Nyaga yuko wapi?" nikamuuliza karani.

"Hajaja."

"Mmempigia?"

"Mama, unaona watu walivyo hapa? Nimpigie nani nimwache nani?"

Sikuwa na namba yake. Miezi mitano tumekaa goti kwa goti, najua lori lake lilizimikia wapi, na namba sina. Desemba karani mwenyewe aliniita pembeni. Mzee Nyaga amekufa. Hakuhitaji kuniambia vipi.

Nilienda mazishi na mama. Mvua ilikuwa imekatika, ardhi nyekundu inashika viatu. Mchungaji alikuwa amekataa kuja; alikuja shemasi akasoma kwa haraka kama mtu anayefuatwa. Walisema ni presha. Walisema alikuwa mtu wa watu. Walipouliza kama kuna mwingine wa kusema neno, ndugu yake alikuwa tayari anachukua jembe.

Nilisimama. Mama alinishika leso kwa nyuma, nikadhani ananivuta niketi, kumbe ananishikilia nisianguke.

"Naitwa Wanja," nikasema. "Mimi na Mzee Nyaga tulikuwa tunatibiwa kliniki moja. Ya akili. Miaka mingi alipigana na ugonjwa huu, na alipigana vizuri kuliko mimi. Alikuwa anakuja na ndizi, ananigawia, ananichekesha. Dawa yake ilikosekana, halafu yeye akakosekana, na sisi wote, hospitali na sisi wa kwenye benchi, hatukumtafuta. Alikufa kwa ugonjwa. Mtu aliyekufa kwa ugonjwa hazikwi kwa haraka."

Ndugu yake alinikazia macho. Kisha akaweka jembe chini. Shemasi akafungua kitabu tena, akasoma polepole, na wakaimba beti zote za wimbo wa kuzika.

Januari nilishona yunifomu mpaka vidole vikafa ganzi, na nilifurahia kila kola. Lakini kabla ya hapo, kwenye kliniki ya Alhamisi iliyofuata yale mazishi, nilikuwa nimekuja na daftari. Nilimwambia daktari, kisha nikawaambia watu wa kwenye benchi: anayetaka, aandike jina na namba. Asiyeonekana siku ya kliniki atapigiwa siku hiyo hiyo na mmoja wetu. Dawa ikikosekana, hatumwachi mtu aende na "haya". Siku hiyo waliandika watu kumi na mmoja. Nilipohamishia matibabu yangu Meru mwaka uliofuata nilimwachia karani lile daftari, naye ndiye anayelitunza. Meru nikaanza lingine na Gatwiri.

Lakini narudi kwenye yale mazishi kidogo, kwa sababu hayakuishia kwenye wimbo. Wakati wa chakula, mwanamke wa umri wangu alikuwa anagawa chai. Alinipa kikombe, akabaki amesimama na sinia.

"Hiyo kliniki ni siku gani?"

"Alhamisi."

"Nikiulizwa naenda wapi nitasema nini?"

"Sema unaenda hospitali. Ni hospitali."

Alhamisi alikuja. Alikuwa amejifunika leso mpaka machoni. Nilisogea, akaketi. Daftari lilipomfikia alilishika muda mrefu bila kuandika.

"Nisipokuja, mtanipigia kweli?"

"Tutakupigia."

"Na nikikataa kushika simu?"

"Tutakuja," nikamwambia.

Akavuta leso mpaka mabegani, akaomba kalamu.